Wimbo wa Kutuliza Unamdai Nini Msikilizaji?

Naomba nianze kwa kukiri. Nina miaka 47, na kwa karibu miaka miwili kitu kilichokuwa kikinilaza usiku ni nyimbo za Kijapani. Usicheke kwanza. Nilikuwa YouTube natafuta kitu kingine kabisa, nikaletewa wimbo wa polepole, piano na sauti ya mama wa makamo, nikauacha uendelee. Kesho yake nikaletewa mwingine, na mwingine. Kumbe ni soko zima: nyimbo laini za mapenzi yaliyopita na safari za usiku, zinazotengenezwa na kupangwa kwa ajili ya watu wazima waliochoka moyo. Wajapani wana neno lao, iyashi, maana yake kama uponyaji au faraja, na hulitumia hata kwa muziki.

Sijui Kijapani hata neno la kuombea maji. Ndiyo sababu nilizipenda. Mimi kazi yangu ni kuhariri maandishi ya watu hapa Dar, mchana kutwa nabishana na maneno. Usiku nilitaka sauti isiyonidai nielewe chochote. Nilikuwa navaa hedifoni, nazima taa, basi.

Swali la makala hii sikulipata Dar. Nililipata Lukozi.

Mwaka jana mwezi wa sita nilipanda nyumbani kumsalimia dada yangu mkubwa. Kwa wasiopajua, unaiacha barabara kuu pale Mombo, unapanda kona za Soni hadi Lushoto, halafu unaendelea juu zaidi kwenye ukungu. Lukozi ni mboga: kabichi, karoti, viazi mviringo. Usiku utasikia Fuso zinapakiwa kwenda Dar, vijana wanaitana gizani, na mwezi wa sita baridi yake inaingia mpaka kwenye mifupa. Dada analima, na pia ana mgahawa mdogo wa chai karibu na soko. Kwenye mgahawa kuna redio ya kuchomeka memori kadi, na memori kadi yote ni zilipendwa: Marijani Rajab, Mlimani Park, na zaidi ya wote Mbaraka Mwinshehe. Anaosha vikombe, anaimba naye.

Binti yake alikuwa amerudi likizo kutoka chuoni. Jioni ya pili akaja juu.

"Mjomba, mwambie mama. Bei ya kabichi imeanguka, madalali wanamjazia lumbesa, yeye anaimba. Hizi nyimbo zinamlaza. Angekuwa na hasira kidogo tu, angekuwa mbali."

Kama hujawahi kuuza viazi, lumbesa ni lile gunia lililoongezewa kichwa juu, likashonewa na nyavu, halafu mkulima akalipwa bei ya gunia moja. Wakala wa Vipimo wanaipiga vita miaka nenda rudi, na bado utaiona barabarani. Kwa hiyo mpwa wangu hakuwa akiongea upuuzi.

Tena hakuwa wa kwanza kusema hivyo. Plato, katika kitabu cha tatu cha Jamhuri, anamfanya Sokrate aondoe kwenye mji wao mitindo ya muziki ya maombolezo na ile laini ya kwenye karamu za ulevi. Anabakiza miwili tu, wa mtu shujaa na wa mtu mwenye kiasi. Hofu yake ilikuwa kwamba wimbo laini humlainisha mtu. Mpwa wangu anasoma uchumi, hajamsoma Plato, lakini wangeelewana vizuri sana.

Nilitaka kumtetea dada, nikajikuta sina neno. Ningemtetea vipi, wakati mimi mwenyewe kila usiku nafanya hichohicho, tena kwa lugha nisiyoijua?

Usiku binti akalala. Tukabaki mimi na dada jikoni, tunaota moto. Ndipo akaniambia, kwa sauti ya kawaida tu kama anayetaja bei ya sukari, kwamba kile kipande cha shamba cha kule bondeni, alichotuachia baba, hakipo tena. Mwaka juzi alikopa fedha ya mbegu na mbolea, viazi vikakosa bei, mkopeshaji akataka chake, akauza.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikupigia, mdogo wangu. Mara mbili. Ulisema umechoka, tutaongea kesho."

Nilikumbuka. Si simu zote mbili, lakini moja naikumbuka vizuri. Ilikuwa kama saa nne usiku. Simu ilipolia ilikata wimbo katikati, na nilichokisikia moyoni ni kero. Nikasema dada nimechoka, naye akaniombea usiku mwema. Wimbo ukaendelea pale ulipoishia. Kesho yake sikupiga.

Basi pale jikoni nikamuuliza kile alichokuwa akikilalamikia bintiye. Je, Mbaraka hamlazi? Alicheka. Akasema huo wimbo anaoupenda unaitwaje? Unaitwa "Shida". "Mbaraka haniambii shida imekwisha. Ananiambia hata yeye ilimpata. Nikishasikia hivyo napata nguvu ya kuosha vikombe vilivyobaki."

Nimelifikiria jibu hilo mwaka mzima. Kuna faraja inayokuambia huna sababu ya kulia. Hiyo ni uongo, na Plato na mpwa wangu wana haki ya kuiogopa. Na kuna faraja inayokuambia sababu unayo, ila hauko peke yako. Hii ya pili haiondoi kitu. Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, dada akiwa mtoto mdogo. Hakumjua kabisa. Lakini wimbo unautaja mzigo kwa jina lake, na mzigo uliotajwa unaweza kubebeka. Kuna vitu ambavyo mtu wa miaka 54 hawezi kuvibadilisha leo usiku: bei, mvua, umri. Kumwambia awe na hasira tu, kila saa, ni kumuongezea kazi ya tatu baada ya shamba na mgahawa.

Je, zangu za Kijapani zilikuwa faraja ya aina gani? Niliporudi Dar nilifanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya: niliutafuta habari zake ule wimbo niliokuwa nauzoea kuliko zote. Ni wa zamani, unanizidi umri. Unaitwa "Ue o Muite Arukō", aliuimba Kyu Sakamoto, ukatoka mwaka 1961. Unahusu mtu anayetembea ameinua uso ili machozi yasimdondoke. Nilidhani ni mapenzi. Kumbe aliyeandika maneno, Rokusuke Ei, aliyapata akirudi nyumbani kutoka kwenye maandamano ya kupinga mkataba wa ulinzi kati ya Japani na Marekani, yale ya mwaka 1960. Mkataba ulipita. Yaani kila usiku nilikuwa nalalia kushindwa kwa mtu, nadhani ni mto.

Siko peke yangu. Mwaka 1963 Wamarekani waliupenda hadi ukashika namba moja kwenye chati zao, wakiuita "Sukiyaki", jina la chakula cha nyama ya ng'ombe kisichohusiana kabisa na wimbo. Hilo jina ndilo lililowarahisikia. Siwezi kuwacheka, mimi sikujua hata jina.

Hapa kuna pingamizi, nalo ni zito. Mtoto anabembelezwa na wimbo asioujua maana, na hatusemi amekosea. Kwa nini mtu mzima aliyechoka anyimwe hivyo? Nakubali, asinyimwe. Lakini mtoto anayebembelezwa yuko mgongoni mwa mtu. Maneno haelewi, ila aliyembeba yupo, na akilia zaidi atasikika. Mimi nilikuwa na sauti bila mtu, na mbaya zaidi, sauti iliyonisaidia nisisikie watu. Kosa halikuwa Kijapani, wala ulaini. Mgahawani kwa dada redio inaimba na mlango uko wazi: mteja anaingia analalamika, dada anapunguza sauti, anasikiliza, anamiminia chai. Wimbo uleule ungeweza kuchezwa na mlango umefungwa, ukawa kama zangu.

Kwa hiyo nadhani wimbo wa kutuliza una deni moja kwa msikilizaji. Haumdai aandamane kesho, ingawa yule Rokusuke Ei aliandamana kwanza ndipo akaandika, na hilo linatosha kuonyesha kwamba upole na ukaidi vinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja. Unachodai ni kwamba ukishatulizwa, uwe na nafasi ya mtu mwingine aliyechoka. Kama faraja yako imekuacha huna nafasi hiyo, umepumzika kwa gharama ya mtu, na mara nyingi mtu huyo unamjua kwa jina.

Asubuhi ya kuondoka nilimkuta dada anabishana na dalali juu ya gunia. Alikataa kichwa cha juu kisishonwe. Dalali akakunja nyavu zake, akaenda kwa jirani, na jirani akakubali. Dada akarudi jikoni, akawasha redio. Mpwa wangu alimtazama, safari hii hakusema kitu, akachukua kitambaa akaanza kufuta vikombe. Sijui alikuwa anafikiria nini.

Nyimbo za Kijapani bado nasikiliza. Hedifoni nimeziweka kwenye droo, sasa zinaimba sebuleni, na wa nyumbani kwangu wamezizoea, wananitania. Jumapili saa nne usiku nampigia dada, kwa sababu saa hiyo ndiyo niliyomnyima. Shamba la bondeni halirudi. Mara nyingine tunaongea dakika tano tu juu ya bei ya karoti, na nyuma yake namsikia Mbaraka, kwa mbali.