Peugeot ya Marehemu Babu Yako

Mpwa wangu, nambari ya ile Peugeot ninayo. Imeandikwa nyuma ya picha ya harusi ya mama mdogo wako, kwa mkono wa marehemu mwenyewe, na nitakutumia. Ila subiri kwanza nikwambie mawili matatu, maana naona umeshika njia ya kulitafuta gari kabla hujauliza liliuzwa kwa nini.

Ilikuwa 404 ya wagoni, yenye viti safu tatu. Modeli hiyo ilianza kutoka kiwandani Ufaransa mwaka 1960, na umbo lake lilichorwa na Pininfarina wa Italia, lakini huku kwetu sijamsikia mtu aliyeinunua kwa ajili ya umbo. Waliinunua kwa sababu ya Safari Rally. 404 ilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Nick Nowicki na Paddy Cliff walishinda nayo mara mbili, Bert Shankland wa Dar es Salaam na Chris Rothwell mara mbili. Mwaka 1963, na tena 1968, magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu, mengine yote yakabaki kwenye tope na mawe. Mzee alisema gari la namna hiyo haliwezi kushindwa na njia ya Malindi, na kwa hilo hakukosea.

Akaiuza sisi wawili, mimi na mama yako, tukiwa shule ya bweni kwa wakati mmoja. Matatu zilikuwa zimeruhusiwa na Mzee Kenyatta mwaka 1973, na gari la kubeba watu wengi lilipata mnunuzi upesi. Babu yako alilipwa pesa zake zote, kwa hiari yake, na wiki ileile zikaenda kwa bursa wa shule. Sikumsikia akilisikitikia gari lile hata siku moja. Kwa hiyo usiwaendee watu na uso wa mtu aliyeibiwa. Hatukuibiwa.

Sasa habari ya kutafuta. Kenya nambari hufuata gari, si mwenye gari, nayo hiyo ni bahati yako. Ya babu yako ni ya zamani, herufi tatu na tarakimu tatu bila herufi ya mwisho. Ile herufi ya mwisho ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1980. Ukiwa na nambari unaweza kuomba nakala ya rekodi NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kwa ada ya kawaida. Usimpe mtu chai. Lakini NTSA yenyewe imezaliwa kwa sheria ya mwaka 2012, na karatasi za gari la umri ule zimepita ofisi nyingi kabla ya kufika huko, kwa hiyo ukikosa jibu usidhani gari limekufa.

Kama lilivuka Lunga Lunga kuingia Tanzania, nambari haitakusaidia, kwa sababu huko lingeandikishwa upya. Na kama lilivuka kabla ya Februari 1977, mpaka ulipofungwa hadi Novemba 1983, kurudi kwake kungekuwa kazi kubwa. Hapo utategemea nambari ya chasisi peke yake. Ya injini usiitegemee; injini za Peugeot zilihamishwa kutoka gari hadi gari, na fundi wa matatu hakuwa na muda wa kuandika. Chasisi utaisoma chini ya boneti, na hapo hapo utaona kama injini imelazwa upande, nyuzi 45, jinsi 404 ilivyoumbwa. Ukiipata, waandikie L'Aventure Peugeot kule Ufaransa, watu wanaotunza kumbukumbu za kampuni. Kwa nambari ya chasisi wanaweza kukwambia gari lilitengenezwa lini.

Pita Kirinyaga Road hapo Nairobi, kule mnakokuita Grogan, uwaulize mafundi wenye mvi. Nenda pia Ngong Racecourse siku ya Concours d'Elegance, maana wenye magari ya zamani wanajuana, na gari la mmoja wote wanajua lilitoka wapi. Madalali waepuke. Dalali ukimwambia unatafuta 404 ya babu yako, jioni ameshakupatia, na nambari ameshaipaka rangi.

Tena jiandae kwamba huenda ilikatwakatwa zamani ikauzwa vyuma chakavu. Mtu wa matatu hakununua kumbukumbu, alinunua viti. Ukikuta mlango wake mmoja umefungwa kwenye banda la kuku huko Mariakani, piga picha, mshukuru mwenye kuku.

Lakini tuseme umeikuta nzima. Hapa ndipo vijana wengi wanapoharibu. Zamani watu waliuziana magari kwa kupeana mkono na ufunguo, wala hawakuhamisha umiliki. Inawezekana logbuku ya gari lile mpaka leo ina jina la babu yako. Fikiria basi mtu ameishi na gari miaka na miaka, amelilipia bima, amelibadilishia kabureta, halafu anatokea kijana kutoka Nairobi mwenye jina lile lile lililo kwenye karatasi. Atafunga geti, na mimi ningefunga.

Neno lako la kwanza baada ya salamu liwe kwamba hatudai. Usiende peke yako wala usiende na kundi. Mchukue mtu mzima mmoja, mwende mchana. Usiguse gari kabla hujaruhusiwa, na siku hiyo usiulize bei, hata akionekana anataka kuuza. Muulize alilipata kwa nani na limemfikisha wapi. Miaka yake na gari lile huenda ni mingi kuliko yetu.

Na ikiwa kweli logbuku bado ina jina la marehemu, mwambie familia itakwenda mahakamani kuchukua karatasi za usimamizi wa mirathi, kisha tutamhamishia gari lake kihalali. Wakili nitamtafuta mimi hapa Mombasa. Gharama tutagawana mimi na mama yako. Nimeshamwambia, akacheka, lakini hakukataa.