Mti Mkubwa Katika Chungu Kidogo

Huku kwetu Kibondo na Kasulu ni nani asiyeujua mkaratusi? Huo pamoja na mgrevilea ni miti migeni, asili yake Australia. Lakini imekaa nasi hata watoto wetu wadhani ya kuwa ni ya hapa tangu zamani. Mkaratusi ukiachwa hurefuka sana. Kisiwani Tasmania uko mmoja wenye kimo cha karibu mita 100.

Basi, wako watu huko Australia waichukuao miti ya nchi yao, wakaipanda katika chungu kidogo, wakaipunguza mizizi na matawi mwaka kwa mwaka, hata ikazeeka ikiwa na kimo cha mkono. Ustadi huo wa Ujapani huitwa bonsai. Nasi twaulizana: Je, ni halali kukizuia kiumbe kisifikie kimo ambacho Muumba amekipangia?

Mtu aweza kusema upesi kwamba ni ukatili. Lakini tukitafakari twaona neno jingine. Mti wa chunguni haudumu kwa kufungwa, bali kwa kutunzwa. Udongo wake ni haba, nao hukauka upesi. Mwenyewe akisahau kuunywesha siku za jua kali, hufa. Uko msonobari mmoja uliotunzwa hivyo Ujapani tangu 1625. Uliokoka bomu la Hiroshima mwaka 1945, ukatolewa zawadi kwa Marekani mwaka 1976. Muda wa karibu miaka 400 haukukosa mkono wa kuunywesha.

Tena twaijua miche ya kitaluni. Mche uliosahauliwa kiribani huzungusha mizizi yake, na hata ukihamishiwa shambani waweza kuangushwa na upepo. Huo nao ulizuiwa, lakini haukutunzwa.

Haya twayaandika kwa ajili ya Nduta. Kambi ile ilifunguliwa tena Oktoba 2015 kuwapokea ndugu zetu wa Burundi, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 humtaka mkimbizi akae mahali alipopangiwa. Mtoto aliyezaliwa humo mwaka ule alitimiza miaka 10 mwaka 2025. Hatuandiki ili kuhukumu, maana nchi nayo ina mizigo yake. Lakini twasema hivi: amwekeaye mwenziwe mpaka, hata kwa sababu njema, amejitwika deni la kumtunza, na aliye jirani wa mpaka huo hana udhuru. Tena mtu si mti. Mti waweza kukaa chunguni maisha yake yote ukapendeza. Bali mtu ameumbwa afikie kimo chake, na kizuizi chake hakina haki ila kiwe cha kitambo.

Wazazi, walimu, nanyi wazee wa kanisa, neno hili latuhusu sote. Twawazuia vijana, je, twawanywesha? Twamkanya mwanafunzi wa kipaimara. Je, twamwuliza habari za nyumbani kwake? Tusijifariji kwa kusema tumemlinda, ikiwa tumemfunga tu. Na siku ya kuuhamisha mche ikifika, tusiunyime shamba. Bwana atujalie mkono usiosahau kumwagilia.