Hofu Yetu kwa Mgonjwa wa Akili

 

Ndugu zangu waumini wa Ngoliba! Pakisikika kwamba mtu kauawa, polisi hawajafika bado na sisi tushatoa hukumu: ni yule mwendawazimu. Watoto wakimwona mgonjwa akitembea barabara ya Garissa wanaokota mawe, na sisi wazazi tunapita kimya. Tumeamini kwamba aliyeugua akili ni muuaji anayengoja siku yake.

Si kweli, wallahi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba skizofrenia, maradhi tunayoyaogopa kuliko yote, humpata mtu 1 katika kila 300 hivi. Basi wagonjwa hawa wamo kila kata, wamo katika jamaa zetu, na walio wengi hawajamwinulia mtu mkono. Huko Marekani Profesa Jeffrey Swanson ameichunguza habari hii miaka mingi. Alikuta kwamba hata maradhi yote makubwa ya akili yakitoweka, ukatili utapungua kwa asilimia 4 hivi. Unaobaki ni wa wengine: wa wivu, wa pesa, wa mpaka wa shamba, wa pombe. Na mwaka 2012 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi ulioonyesha kwamba mgonjwa wa akili hukumbwa na ukatili karibu mara 4 kuliko mtu asiye na ulemavu. Tunamkimbia, kumbe ndiye anayepigwa.

Sitawaficha upande wa pili. Yuko mgonjwa anayesikia sauti zikimwambia kwamba mama yake anamtilia sumu, na siku moja akashika panga. Mama anayelala kwa komeo asiambiwe anatia chumvi. Hofu yake ina sababu. Ila tuulize hatari hiyo hupanda lini. Hupanda maradhi yasipotibiwa au dawa zikikatizwa, na hupanda sana ikiingia pombe au bangi. Utafiti wa MacArthur wa mwaka 1998, huko huko Marekani, ulifuatilia wagonjwa waliotoka hospitali za akili. Wale wasiokuwa na dalili za ulevi hawakuwazidi majirani zao kwa ukatili. Kwa hiyo anayemnunulia kijana mgonjwa chang'aa ili acheke vituko vyake, huyo namwogopa kuliko mgonjwa mwenyewe, na ajue ana jibu la kutoa mbele ya Mola wake.

Abu Daud amepokea kisa kimoja ambacho ningependa kila mmoja wetu aende nacho nyumbani. Zama za Sayyidna Umar, mwanamke mwenye wazimu alishitakiwa kwa zinaa, ikaamuliwa apigwe mawe. Sayyidna Ali akakutana nao njiani, akawaamuru wamrudishe. Akamkumbusha Umar mafundisho ya Mtume (s.a.w.): mwendawazimu haandikiwi dhambi mpaka akili imrudie, sawa na aliyelala mpaka aamke, na mtoto mpaka abaleghe. Umar akamwachilia, huku akileta takbiri. Khalifa aliyeogopwa na wafalme alikubali kurekebishwa kwa ajili ya mwanamke asiyeweza hata kujitetea! Sisi tunawaachia watoto wetu mawe mkononi.

Sheria ya Kenya nayo haimwajibishi aliyetenda kosa bila kufahamu alitendalo kwa sababu ya maradhi ya akili. Lakini kwa miaka mingi mtu aliyeonekana hivyo mahakamani alizuiliwa kwa hiari ya Rais, bila tarehe ya kutoka, na majaji kadhaa wamesema utaratibu huo unakiuka Katiba. Hospitali ya Mathari, iliyofunguliwa mwaka 1910, ina wodi yenye ulinzi mkali kwa ajili ya watu hao. Wamo waliopona, lakini jamaa zao hawaji kuwachukua. Hilo halimhusu jaji. Linatuhusu sisi.

Najua wengi wenu mtasema ni majini. Someni ruqya, ombeni dua, hakuna anayewakataza. Lakini minyororo haimo katika dini, wala kumkatiza mtu dawa si ibada. Mfalme Qalawun alijenga hospitali mjini Cairo mwaka 1284, ikiwa na sehemu ya wagonjwa wa akili, ikiendeshwa kwa mali ya wakfu. Waislamu wale walisoma Qur'ani hii hii tunayoisoma.

Tangu mwaka 2022 sheria ya afya ya akili imeipa kaunti wajibu wa kuwatibu wagonjwa hawa karibu na kwao. Tuwadai wakubwa wetu wa Kiambu wautekeleze, na tukiwadai tuwe tumetimiza letu. Mama mwenye mgonjwa anahitaji nauli ya matatu ya kwenda na kurudi Thika, na mwanamume wa kumsindikiza, maana mwanawe akigoma njiani hamwezi peke yake. Mzee wa msikiti atakaa mlangoni baada ya swala. Mwenye mgonjwa amnong'oneze jina, na sisi vijana tuandikishe zamu zetu za kusindikiza kabla hatujavaa viatu.