Kanzu ya Mwaka Huu

Andiko la wiki: 1 Samweli 2:18–21, Luka 2:41–52



Mwezi uliopita, baada ya ibada ya pili, dada mmoja na mume wake waliningoja mpaka viti vikapangwa. Mtoto wao ana miaka mitano, yuko PP2. Anasoma vitabu vya gredi ya tatu bila kusaidiwa, na kuzidisha anajua. Mwalimu wake ana watoto zaidi ya arobaini, kwa hivyo mtoto akimaliza kazi huambiwa alaze kichwa kwenye dawati awangoje wenzake. Yaani kwa sababu anajua, analala kila asubuhi. Mama alikuwa amekata shauri: amtoe shule, amfundishe nyumbani. Baba alikuwa na swali moja tu. "Pasta, tukifanya hivyo, hayo ni maono ama ni kiburi?"

Mimi nilisomea biashara, na sisi watu wa biashara tuna ugonjwa wa kupiga hesabu kabla ya kusikiliza. Nikawaambia wahesabu gharama, kama yule mtu wa Luka 14 anayetaka kujenga mnara. Nani ataacha kazi? Vitabu ni pesa ngapi? Sheria inasemaje? Maswali yalikuwa mazuri, lakini nilipofika nyumbani nikajua nimewajibu kama mhasibu. Wao hawakuuliza habari ya pesa. Waliuliza kipawa cha mtoto ni cha nani.

Acheni niwaambie jambo ambalo sijawahi kulisema madhabahuni. Mimi nilikuwa mtoto kama huyo. Mama alinifundisha kusoma jikoni kabla sijaanza shule, kwa Biblia yake na magazeti ya zamani. Kutoka darasa la kwanza nikarukishwa mpaka la tatu. Mtaa mzima ukanisifu. Wageni wakija, naitwa sebuleni niwasomee. Hakuna aliyeuliza kama najua kufunga kamba za viatu, na sikujua. Hakuna aliyejua kwamba wakati wa mapumziko nilikuwa najificha, kwa sababu wavulana wa darasa langu walikuwa wakubwa kwangu, na wa umri wangu waliniona najidai.

Halafu ukaja muhula ambao nilikuwa namba kumi na saba. Ripoti fomu niliificha chini ya godoro siku nne. Sikuogopa kiboko. Niliogopa kwamba namba moja ikiondoka, hata mimi nitakuwa nimeondoka nayo. Leo nina zaidi ya miaka thelathini, nimeokoka, nina digrii, na bado kuna Jumapili nashuka madhabahuni nikitafuta machoni mwenu kama leo nimekuwa namba moja.

Sisemi haya ili yule mtoto aendelee kulaza kichwa. Wako wapendwa watakaosema, "Mwache angoje, ajifunze unyenyekevu." Jameni, kulala si unyenyekevu. Yule mtumwa wa Mathayo 25 alizika talanta yake kwa uangalifu kabisa, na bwana wake hakumsifu kwa huo uangalifu. Tena kuna hatari nyingine. Mtoto asiyepewa kazi ngumu anazoea kwamba kila kitu kinakuja chenyewe. Siku hesabu ngumu itakapofika, hajui kuhangaika nayo. Atafikiri akili zimemwisha, kumbe hakuwahi kufundishwa kujaribu mara ya pili.

Umri peke yake hautoshi kutuambia mtu akae darasa gani. Mnamkumbuka mzee Kimani Maruge. Mwaka 2004, baada ya masomo ya msingi kufanywa bila malipo, alijiandikisha darasa la kwanza kule Eldoret akiwa na miaka 84. Alitaka kujisomea Biblia mwenyewe. Hakuna aliyesema mzee wa miaka 84 aanze na kitabu cha wazee. Alipewa mahali palipolingana na kile alichokuwa hajakijua bado. Kama mzee alistahili hivyo, mtoto wa miaka mitano anastahili pia.

Sasa tumwangalie Hana. Samweli alikuwa mtoto wa pekee, ameombewa kwa machozi, na tayari alikuwa anahudumu Shilo mbele ya kuhani Eli. Andiko linasema alivaa efodi ya kitani, vazi la kazi takatifu. Lakini mama yake, kila mwaka akipanda kwenda kutoa dhabihu, hakumletea efodi. Alimletea kanzu ndogo. Huduma ya Samweli ilikuwa imetangulia mbele, lakini mwili wake ulikuwa bado wa mtoto, na mtu mmoja duniani alikuwa anaukumbuka. Kanzu ya mwaka jana ingembana. Kanzu ya mtu mzima angeikanyaga aanguke. Hana alishona ya mwaka huu.

Wapendwa, darasa linalomwambia mtoto alale linamvika kanzu ya mwaka jana. Mimi nilivikwa ya mtu mzima. Yote mawili ni makosa. Na mtu anaweza kufanya kosa lolote kati ya hayo shuleni, na anaweza kulifanya nyumbani pia.

Kufundisha mtoto nyumbani si dhambi. Kumbukumbu la Torati 6 inawaagiza wazazi wazungumze Neno na watoto wao wakiwa wameketi nyumbani. Timotheo alirithi imani ya nyanya yake Loisi na mama yake Eunike. Lakini tusijidanganye, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule, na suala la kufundishia nyumbani limewahi kufika mahakamani. Mkristo hamfichi mtoto chumbani akitumaini chifu hatajua. Uliza wanaojua sheria kwanza, ndipo uamue.

Kisha soma Luka 2 polepole. Yesu ana miaka kumi na miwili, na walimu wanastaajabia ufahamu wake. Sisi tungemwekea kipaza sauti. Lakini alipopatikana alikuwa anawasikiliza na kuwauliza maswali. Baadaye akarudi Nazareti na wazazi wake, akawatii. Luka anatuambia aliendelea kukua katika hekima, katika kimo, na katika kupendeza Mungu na watu. Mimi shuleni walinipima hekima peke yake.

Nilirudi kwa wale wazazi. Niliwauliza: mkimtoa shule, ni yeye atakayepata nafasi ya kupumua, ama ni nyinyi mtakaopata habari ya kusimulia? Mama alinyamaza kitambo, halafu akasema, "Pasta, yote mawili." Nilimheshimu sana kwa jibu hilo. Nikauliza tena: mmeshazungumza na mwalimu? Kumbe hawakuwa wamezungumza. Walipoenda, mwalimu alifurahi. Alijua mtoto anachoka, lakini kwa watoto arobaini na kitu, mikono ilikuwa haimtoshi. Wakakubaliana mtoto aje na kitabu chake mwenyewe, na nyumbani jioni apewe nusu saa ya hesabu zinazomsumbua kweli. Masomo ya nyumbani wataamua Desemba. Sijui wataamuaje, na sitawaamulia.

Lakini kuna jambo moja lililo mikononi mwangu, na nimelifanya. Nilikuwa nimepanga mtoto huyo asome andiko mbele ya kanisa Jumapili ya watoto. Nilijua mngepiga makofi mpaka paa litikisike. Nimemtoa kwenye ratiba. Atakuwa kwenye kundi la kuimba, safu ya pili, na mama yake ameniambia hajui kuimba hata kidogo. Akipotea kwenye wimbo, msimcheke. Akimaliza, mpigieni makofi yaleyale mnayowapigia wengine.

Maswali ya ushirika wa nyumbani:

1. Mtoto wako anajua nini unachompenda nacho mbali na matokeo yake?
2. Ni kazi gani mwezi huu imemshinda, na ulifanya nini ilipomshinda?
3. Mara ya mwisho kuzungumza na mwalimu wake bila kuitwa ilikuwa lini?

Tuombe: Baba, wewe uliyewaumba watoto hawa unajua vipimo vyao. Tufundishe kushona ya mwaka huu. Na sisi tuliokua ndani ya kanzu zisizo zetu, utuvue polepole. Katika jina la Yesu, amina.