Ganzi ya Nyayo na Ganzi ya Nyoyo

Twamhimidi Mwenyezi Mungu Mtukufu, na twamtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad, na ali zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Enyi ndugu zetu Waislamu, katika miji yetu hii ya pwani yako maradhi ambayo wenye kuyaugua ni wengi kuliko tudhanivyo, kwani mwenye nayo haonekani kuwa ni mgonjwa. Utamwona amekuja msikitini na kanzu yake safi na kofia yake, amewaamkia watu na watu wamemwamkia. Lakini usiku uliopita hakulala. Nyayo zilimwaka kama aliyekanyaga makaa, vidole vilimchoma kama vidungwavyo sindano, na hata uzito wa shuka hakuweza kuustahimili. Kulipokucha hakumwambia mtu. Amwambie nani? Akiuonyesha mguu, mguu ni mzima, hauna jeraha wala uvimbe, na jawabu apatalo ni moja: "Mbona huna kitu?"

Maradhi haya ni ya mishipa ya fahamu, ile itokayo kwenye ubongo na uti wa mgongo ikafika mpaka ncha za vidole. Kazi yake ni kuleta habari za joto na baridi na maumivu, na kupeleka amri kwa viungo. Mishipa hiyo ikiharibika, na habari huharibika. Mara nyingi mambo huanzia vidole vya miguu, yakapanda mguuni kama mtu avaaye soksi, kisha yakaingia mikononi. Mwanzo wake kwa wengi ni moto na mchomo, na mwisho wake ni ganzi. Kisukari ndicho sababu kubwa ya maradhi haya, na yakisiwa kuwa nusu ya wenye kisukari huyapata katika umri wao. Ziko na sababu nyingine: ukoma, virusi vya Ukimwi, ulevi, upungufu wa vitamini B12, na baadhi ya dawa. Miongoni mwa dawa hizo ni isoniazidi itibuyo kifua kikuu, na ndiyo sababu madaktari huwapa wagonjwa vitamini B6 pamoja nayo.

Basi tazameni watu wetu wasemavyo. Mtu akianza kulalamika miguu, jirani atasema, "Huyu amekanyaga!" yaani amekanyaga uchawi aliotegewa mlangoni. Hapo ataletwa mpiga ramli, atajwe adui, na ndugu wawili wavunje udugu kwa sababu ya sukari iliyokuwa ndani ya damu. Mgonjwa atafungwa hirizi, atachanjwa chale katika mguu usiohisi, na atakandwa kwa maji ya moto ambayo yeye hajui kuwa yanamwunguza. Siku aendapo kwa daktari, kidonda kimekwisha kuwa donda ndugu, na neno alisikialo ni kukatwa mguu. Ndugu zangu, je, aliyemdhuru mtu huyu ni mchawi, au ni sisi tuliomchelewesha?

Na hapa pana jambo lipasalo kuzingatiwa. Watu wengi hudhani kuwa moto ukiondoka mguuni ndipo mtu amepona. Huenda ikawa kinyume chake. Huenda mishipa imekwisha kufa, na mlinzi wa mguu amenyamaza. Daktari Mwingereza Paul Brand alifika Vellore, katika nchi ya India, mwaka 1946, akawatibu wenye ukoma. Watu siku hizo waliamini kuwa ukoma wenyewe ndio ulao vidole. Yeye akachunguza, akaona kuwa vidole hupotea kwa moto na majeraha na vidonda ambavyo mwenyewe hakuvihisi. Hata panya waliwatafuna baadhi yao usingizini wasiamke, ikabidi wapewe paka wa kuwalinda. Na msiseme hayo ni ya India ya zamani. Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam, jirani zetu, waliandika habari za wagonjwa wa kisukari waliotafunwa miguu na panya usiku nao wamelala, wasihisi kitu.

Kwa hiyo maumivu tuyachukiayo ni neema miongoni mwa neema za Mwenyezi Mungu. Ni mlinzi amewekwa mlangoni, apigaye kelele mwizi ajapo. Aliyenyimwa mlinzi huyo yampasa kutafuta mwingine. Na mlinzi huyo mwingine ni nani? Ni jicho lake, na jicho la nduguye.

Mtume (s.a.w.), katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kwa Nuuman bin Bashir, aliwafananisha Waumini na mwili mmoja, ambao kiungo kimoja kikiumwa mwili mzima hukosa raha na usingizi. Basi uangalie mfano huo pamoja na maradhi haya. Mwili ambao mguu wake waungua nao hauna habari, ni mwili mgonjwa. Na mji ambao mtu wake hulia usiku kwa miguu na majirani hawana habari, nao ni mji uliopatwa na ganzi. Tofauti ni kuwa ganzi ya nyayo ni mtihani, na mwenye kuusubiri hupata ujira. Ganzi ya nyoyo ni kosa, na mwenye nayo ataulizwa.

Wanahistoria wamesimulia habari za Urwa bin Zubeir, mmoja wa wanazuoni saba wakubwa wa Madina, na mama yake ni Asmaa binti Abubakar. Alikwenda Sham kwa Khalifa Al-Walid, mguu wake ukashikwa na donda lililokuwa likila nyama, ukakatwa; na katika safari hiyo akafiwa na mwanawe. Kisha akafika kwa Khalifa mzee mmoja kipofu wa kabila la Absi. Mzee huyo usiku mmoja mafuriko yalimchukulia watu wake na mali yake, akasaliwa na mtoto mchanga na ngamia mmoja. Mtoto akaliwa na mbwa mwitu, na ngamia akampiga teke la uso akampofusha. Khalifa akaamrisha apelekwe kwa Urwa, ili Urwa ajue kuwa yuko aliyepatwa na makubwa kuliko yake. Zingatieni hekima hiyo. Khalifa alikuwa na matabibu, alikuwa na mashairi na wasemaji. Lakini kumliwaza mwenye msiba alimchagua mwenye msiba mwenziwe.

Na hilo ndilo tulitakalo katika miji yetu: wenye maradhi haya wajuane na wakutane. Hapana haja ya jengo wala ya bendera. Baraza ya msikiti baada ya sala ya Alasiri yatosha kwa wanaume, na nyumba ya mmoja wao yatosha kwa wanawake. Katika kukutana huko yako manufaa manne.

La kwanza, mgonjwa huaminiwa. Akisema, "Shuka yanichoma," mwenziwe hatacheka, kwani naye yamchoma. Wengi hupata usingizi wa kwanza siku wajuapo kuwa hawakurogwa wala hawakurukwa na akili.

La pili, hufundishana. Mmoja atasema ameweka boksi chini ya shuka ili isiguse miguu. Mwingine atasema daktari alimpa dawa ambayo asili yake ni ya kifafa au ya huzuni, akaogopa, kisha akaelezwa kuwa dawa hizo hutuliza mishipa pia. Lakini na waelewe mpaka wao: mgonjwa si daktari. Asimpe mwenziwe kidonge chake, wala asimwambie aache dawa yake.

La tatu, huwa macho ya wenzao. Mwenye ganzi yampasa kuangalia nyayo zake kila siku, na asiyeweza kuinama atumie kioo au aangaliwe na mtu. Aangalie ndani ya kiatu kabla ya kukivaa, asije akatembea juu ya msumari kutwa nzima. Asiende miguu mitupu, hata viatu vikipotea mlangoni mwa msikiti. Asipime maji ya moto kwa mguu. Mwenye mkono mzima ampimie. Na akiona jeraha, liwe dogo kama punje ya mchele, aende hospitali siku hiyo hiyo. Na sisi Waislamu tumepewa msaada katika ibada yetu: mwenye kutawadha hupitisha vidole vya mkono baina ya vidole vya miguu, na hiyo ni suna. Basi apitishapo aangalie, kisha akaushe vyema, kwani unyevu ukibaki hapo huleta ukungu na mipasuko.

La nne, hukumbushana ruhusa za dini. Mtume (s.a.w.) alimfundisha Imran bin Huseini, aliyekuwa mgonjwa, kuwa asiyeweza kusali wima asali kwa kukaa, na asiyeweza kukaa asali kwa ubavu. Na Qurani katika sura ya Bakara imempa mgonjwa ruhusa ya kula mwezi wa Ramadhani. Basi mwenye kisukari na amwulize tabibu wake kabla mwezi haujaandama, wala asione haya kuitumia ruhusa ya Mola wake. Na wale wamtazamao kwa jicho baya mtu aliyeketi juu ya kiti katika safu, na wajiulize: je, wao wameiona miguu yake?

Juu ya hayo yote pana adabu: lisemwalo baina ya wagonjwa ni amana, halitoki barazani.

Limebaki neno moja, nalo ni la sisi tulio wazima. Mtu wetu akifa hatuna uvivu. Twachanga, twachinja, twapika pilau siku tatu na siku ya arubaini, na mayatima wamekaa pembeni wakitazama mali ya baba yao ikiliwa. Lakini marehemu huyo alipokuwa hai na mguu wamwoza, ni nani aliyemchangia kiatu kizuri? Ni nani aliyempa nauli ya kwenda kliniki, au akamlipia kipimo cha sukari? Mtume (s.a.w.) amekutaja kumzuru mgonjwa kuwa ni katika haki za Mwislamu juu ya Mwislamu mwenziwe. Karamu ya matanga hakuitaja katika haki hizo. Basi sufuria moja ya pilau hiyo na igeuzwe viatu, na tuone kama mji utapungukiwa na kitu.

Ewe msomaji, leo baada ya sala usiondoke upesi. Mtazame atembeaye polepole akishika ukuta, umwulize, "Mzee, miguu yako yaonaje usiku?" Huenda ikawa ni miaka mingi hajaulizwa swali hilo. Na ukiwa wewe mwenyewe ndiwe mwenye moto huo, usiufiche. Mwambie mmoja. Utastaajabu jinsi atakavyokujibu, "Hata mimi."

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape subira wale ambao ponyo lao limechelewa, na aziondolee nyoyo zetu ganzi kabla ya siku ambayo viungo vitasema na ndimi zitanyamaza. Amin.