Kioo Kilicho Mbele ya Msomaji wa Habari

Juu ya meza ya msomaji wa taarifa ya habari huwa pana karatasi, kalamu na pengine kompyuta ndogo. Kifuani amebanwa kipaza sauti, na sikioni ana kidude cha kusikilizia maelekezo kutoka chumba cha kuongozea matangazo. Lakini kifaa kinachozua swali zito la kimaadili hakipo mezani. Kimefungwa kwenye kamera inayomtazama, nacho ni teleprompta.

Skrini yake hulazwa chini ya lenzi ikiangalia juu, maandishi yakiwa yamegeuzwa kinyume. Juu ya skrini huinamishwa kioo maalumu kwa nyuzi 45. Kioo hicho huyaakisi maandishi kuelekea kwa msomaji, yakamfikia yakiwa sawa, na papo hapo huruhusu mwanga unaotoka usoni pake upite hadi kwenye lenzi. Yeye anaona maneno. Kamera inaona uso wake tu. Mwendeshaji huyasogeza maneno kwa kumfuata msomaji: akituama yanasubiri, akiharakisha nayo yanaharakishwa. Karatasi za mezani ni akiba ya siku mtambo utakapogoma.

Kifaa hiki hakikubuniwa kwa ajili ya habari. Kilianzia New York mwaka 1950, wazo likiwa la mwigizaji Fred Barton, aliyeshirikiana na Hubert Schlafly na Irving Kahn, na watumiaji wake wa kwanza walikuwa waigizaji wa tamthilia za televisheni wenye mistari mingi ya kukariri. Asili hiyo si jambo dogo. Hakuna amwitaye mwigizaji mwongo kwa kusema maneno aliyoandikiwa, maana mtazamaji amekuja kuona igizo. Msomaji wa habari ameazima kifaa cha waigizaji akakipeleka mahali watu wanapofuata ukweli. Je, anayesoma huku akionekana anazungumza anawadanganya?

Kwa kipimo cha mwanateolojia Augustino wa Hippo, aliyeandika kitabu kizima kuhusu uongo mwishoni mwa karne ya 4, jibu ni hapana. Mwongo kwake ni mwenye jambo moja moyoni na jingine mdomoni, akikusudia kudanganya. Msomaji kwa kawaida anaamini anachokisoma. Ila mtu aweza kudanganya bila kufungua mdomo. Mwanafalsafa Immanuel Kant, katika masomo yake ya maadili, alitoa mfano wa mtu anayefunga mizigo ili wanaomwona wadhani anasafiri. Kant hakumhesabu kuwa mwongo kwa sababu hajatamka lolote, ingawa watazamaji wamepotoshwa kama alivyotaka. Macho yaliyokazwa kwenye lenzi ni mizigo ya namna hiyo.

Utetezi mmoja, nao umo kwa Kant mwenyewe katika kitabu chake cha mwaka 1798 kuhusu anthropolojia, ni kwamba adabu za kijamii hazimdanganyi mtu, kwa kuwa kila mtu anajua zilivyo. Vivyo hivyo, yasemwa, kila mtu anajua kwamba taarifa ya habari husomwa. Utetezi huu hautoshi. Kama kujua kungeondoa athari ya yale macho, studio zisingegharimia kioo, karatasi ingetosha.

Wanazuoni wa Hadithi za Mtume Muhammad walikabili tatizo lililo jirani kabisa na hili. Walikubali umakini wa mpokezi kwa njia mbili: wa kifua, yaani kuhifadhi, na wa kitabu, yaani kutegemea maandishi yaliyotunzwa vizuri. Kusoma hakukuwa aibu. Walichokemea ni tadlisi: mpokezi kutumia lugha inayomfanya msikilizaji adhani habari imesikiwa moja kwa moja kwa fulani, ilhali katikati yupo mtu asiyetajwa. Shu'ba bin al-Hajjaj, katika karne ya 2 Hijria, aliipinga kwa ukali mno, na baadaye Ibn Hajar al-Asqalani akawapanga wenye mtindo huo katika madaraja matano, kwani si wote waliokuwa na kosa la uzito mmoja. Kipimo hiki kinaifaa studio kuliko cha Kant, kwa sababu kinamtafuta aliyefichwa katikati.

Mwanasosholojia Erving Goffman, katika kitabu chake cha mwaka 1981, aliwatenganisha anayetamka maneno, aliyeyatunga na mwenye msimamo unaoelezwa. Katika taarifa ya mafuriko au bei ya mafuta, msomaji hutamka, mhariri ametunga, na kituo ndicho chenye dhamana. Hakuna anayeumizwa na mgawanyo huo. Unaumiza pale yanapoingia maoni. Mwaka 2018 watangazaji wa makumi ya vituo vya Sinclair Broadcast Group nchini Marekani walisoma andiko moja la kuonya dhidi ya habari za uongo, kila mmoja akiwaambia watu wa eneo lake kana kwamba wasiwasi ule ni wake. Mfanano huo ulidhihirika video zilipounganishwa, sentensi zilezile zikasikika kwa sauti nyingi kwa pamoja.

Hiyo ilikuwa tadlisi. Kusoma habari kwenye kioo ni halali, hata macho yakionekana ya mtu anayezungumza tu. Kusoma maoni ya mwajiri kwa macho hayohayo bila kumtaja mwenye maoni si halali, na kosa hilo lingezuilika kwa sentensi moja ya kwanza kwenye teleprompta: hii ni kauli ya uongozi wa kituo.