Mgeni, Gereza na Maradhi

Katika sura ya 25 ya Injili ya Mathayo Bwana wetu anawataja kwa pamoja mgeni, mgonjwa na mfungwa. Tunaposikia maneno hayo kanisani twafikiri juu ya watu watatu mbalimbali. Mgeni tunampa chai, mgonjwa tunakwenda kumwona Muhimbili, na mfungwa tunawaachia akina mama wampelekee sabuni wakati wa Krismasi. Ni mara chache tunafikiri kwamba hao watatu huenda wakawa mtu mmoja: mgeni aliyefungwa, naye akaugua humo alimofungwa.

Mtu huyo yupo katika nchi yetu. Kwa miaka mingi vijana wa Ethiopia, hasa wa kusini mwa nchi hiyo, wamekuwa wakipita kwetu kwenda Afrika Kusini kutafuta kazi. Hupitia Kenya, huingia kwa njia za panya upande wa Kilimanjaro au Tanga, kisha hufichwa ndani ya malori kuelekea Mbeya na Malawi. Mwezi Juni 2012 zaidi ya 40 kati yao walikufa kwa kukosa hewa ndani ya lori, na miili yao ikatupwa porini wilayani Kongwa. Machi 2020 wengine 64 walikutwa wamekufa ndani ya kontena huko Tete, Msumbiji. Wanaokamatwa wakiwa hai hushtakiwa kwa kuingia nchini bila kibali. Hakimu hutoza faini au kifungo, na kwa kuwa hawana fedha, huenda kifungoni. Na kifungo chenyewe kikiisha, mara nyingi hakiishi. Mtu hana nauli, hana pasipoti, wala hana ndugu wa kumpokea langoni. Basi hungoja gerezani mpaka ubalozi wao na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji wapate njia ya kumrudisha kwao.

Tukumbuke sasa mwaka 2020. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi. Hapa Kariakoo kila mlango wa duka uliwekwa ndoo ya maji na sabuni. Watu wakafunga barakoa, wakajifukiza kwa majani, wakakaa mbali kidogo na jirani kwenye benchi la kanisa. Juma hilo la pili Ethiopia ikafunga mipaka yake ya nchi kavu. Mwezi Aprili ndege za kimataifa zikasimama kwetu, na katikati ya Mei Kenya nayo ikafunga mpaka wake nasi. Mtu aliyekuwa amemaliza kifungo chake, akingoja kurudishwa, njia zote zilizibwa mbele yake. Sisi tuliambiwa tusisongamane. Yeye angekwenda wapi?

Swali langu basi ni hili: aliyemfungia mtu mlango, anadaiwa nini?

Nimelizungumza na watu kadhaa hapa mtaani, nao hunijibu kwa hoja ambazo si za kijinga. Mmoja, mpangaji wa Mtaa wa Swahili, aliniambia kwamba yeye na watoto watano hulala chumba kimoja, na choo chao ni cha nyumba nzima. Kwa nini Mhabeshi aliyevunja sheria apate nafasi kuliko yeye? Namwonea huruma, na serikali inadaiwa naye pia. Lakini mpangaji yule usiku joto likizidi hufungua mlango akakaa barazani. Mwanawe akikohoa humbeba hadi Mnazi Mmoja. Akiona jirani ni mgonjwa humkwepa. Mfungwa hawezi kufanya hata moja ya mambo hayo. Hachagui anayelala ubavuni pake, wala hana ufunguo wa dirisha. Tulipochukua kutoka kwake uwezo wa kujikinga, kazi ya kumkinga ilituhamia sisi. Ndiyo maana naliita deni.

Mwingine husema kwamba magereza yakiwa mazuri wageni watazidi kuja. Hoja hii nadhani haijui safari yenyewe. Kijana aliyeuza ng'ombe wa baba yake akamlipa mlanguzi hakutoka kwao kwa kulitamani gereza la Tanzania. Anakwenda Johannesburg, na gereza letu kwake ni ajali ya njiani. Mtu ambaye hakuogopa kontena hatatishwa na uchafu wa choo.

Iko pia hoja ya upande wangu ambayo siipendi sana. Husemwa kwamba tuwatunze wafungwa kwa sababu askari wa gereza hurudi nyumbani jioni, akapanda daladala pamoja nasi, na maradhi aliyoyapata kule hutufikia huku. Ni kweli kabisa. Lakini ikiwa hiyo ndiyo sababu yetu pekee, basi mfungwa mwenye ugonjwa usioambukiza hatudai kitu, naye anaweza kufa kwa kisukari bila sisi kushtuka.

Sheria ya nchi yetu yenyewe imesema vizuri kuliko wengi wetu. Katiba ya mwaka 1977, inapotaja uhuru wa kwenda na kuishi popote nchini, katika ibara ya 17, inamtaja raia. Lakini katika ibara ya 12 na ya 14, inapotaja heshima ya utu na haki ya kuishi, inamtaja kila mtu. Tofauti hiyo si ya bahati mbaya. Serikali ina haki ya kumwambia mgeni kwamba hapa si kwako, rudi. Haina haki ya kumwambia kwamba kwa kuwa hapa si kwako, pumzi yako haituhusu. Na kanuni za Umoja wa Mataifa juu ya wafungwa, zilizopewa jina la Mzee Mandela mwaka 2015, zinataka mfungwa apate matibabu sawa na yale wanayopata watu walio nje.

Sisi Waanglikana wa Kariakoo na Ilala hatuwezi kusema jambo hili ni geni kwetu. Jina la Kariakoo latokana na kikosi cha wapagazi ambao Waingereza waliwaweka hapa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wengi hawakujitolea, walikamatwa vijijini. Waliokufa upande wa Waingereza peke yake hukadiriwa kufikia karibu laki moja, na wengi waliuawa na kuhara, malaria na homa ya mapafu kuliko risasi. Vita vilipokwisha mwaka 1918 mafua makuu yaliikumba dunia. Askari na wapagazi waliokuwa upande wa Wajerumani walikuwa wamekusanywa kambini Tabora wakingoja kurudishwa kwao, na mafua yakawaua wengi humo. Walikuwa wakingoja tu, kama Waethiopia hawa. Askofu wetu wa zama hizo, Frank Weston wa Zanzibar, mwaka 1916 aliongoza mwenyewe kikosi cha wapagazi bara. Aliona kwa macho, na mwaka 1920 akaandika kuwashutumu Waingereza wenzake kwa kuwatumikisha Waafrika kwa nguvu. Hakungoja kwanza kujua wale ni raia wa nani.

Tuwe wa haki pia kwa serikali. Mwezi Januari 2021 Rais John Magufuli, alipokutana na Rais Sahle-Work Zewde wa Ethiopia huko Chato, alikubali kuwaachia Waethiopia 1,789 waliokuwa katika magereza yetu. Lilikuwa jambo jema, na tulimshukuru Mungu. Lakini msamaha ni huruma, na huruma huja siku anayoitoa akipenda. Tangu mgonjwa wa kwanza hadi siku ile ilikuwa miezi kumi. Maji, hewa na dawa za miezi kumi hiyo hazikuwa huruma. Na vijana wengine wameendelea kukamatwa baada ya hapo.

Yeremia sura ya 38 ina mtu ambaye hatumhubiri vya kutosha. Nabii alitupwa katika shimo lenye matope afe humo, na katika mji wote aliyekwenda kumsemea kwa mfalme alikuwa mgeni, Ebedmeleki, Mkushi, mtu wa nchi ya kusini mwa Misri. Hakumwomba mfalme avunje gereza. Alisema tu kwamba mtu yule atakufa. Akapewa watu, akatafuta matambara makuukuu, akayateremsha kwa kamba, nabii ayatie makwapani ili kamba zisimchubue. Yeremia akavutwa juu, akakaa katika ua wa walinzi, angali mfungwa.

Keko si mbali nasi, na Ukonga na Segerea daladala zinafika. Wenzetu wanaokwenda huko kusali na wafungwa wawaulize maofisa, kwa adabu, kama wamo wageni wasiotembelewa na mtu. Mahabusu wa hapa ana mama wa kumletea mswaki. Yule wa mbali pengine hajui Kiswahili, hata hawezi kumweleza mganga wa gereza panapomuuma. Wapo Waethiopia wanaoishi jijini kwa vibali halali. Tuwaombe mmoja afuatane nasi kutafsiri. Na pamoja na sabuni tupeleke karatasi na kalamu, maana huko kusini mwa Ethiopia kuna wazazi ambao hawajui kama mtoto wao yu hai.